Jinsi ya Kumtafutia Binti Riwaya Atakayoimaliza

Mzazi akija kwangu Jumamosi, karibu kila mara anaanza hivi: "Mwalimu, nitafutie kitabu cha kumtuliza huyu." Binti mwenyewe amesimama nyuma yake, anatazama viatu. Nafundisha Kiswahili katika sekondari ya kutwa hapa Ilemela, Mwanza, na kwa miaka 9 sasa naazimisha vitabu kutoka kabati mbili za sebuleni kwangu, Pasiansi. Muda huo umenitosha kuona kwamba ombi hilo ndilo linaloharibu kazi nzima. Kitabu kilichochaguliwa kwa nia ya kumrekebisha, binti anakinusa kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Baada ya wiki kinarudi kimenyooka vilevile kama kilivyotoka.

Kwa hiyo hatua hizi ni za kumtafutia binti wa miaka 12 hadi 18 riwaya ya kumpa raha. Mengine tuyaache kwanza.

Hatua ya 1: Jua anafuatilia nini sasa hivi

Usimuulize anapenda vitabu gani. Atakujibu kile anachodhani unataka kusikia, au atasema hapendi, basi. Muulize anafuatilia nini. Mabinti wengi wanaoletwa kwangu kwa maelezo kwamba "huyu hasomi kabisa" wanafuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na wanajua nani kamsaliti nani tangu sehemu ya kwanza. Wengine wanasoma simulizi za kwenye makundi ya WhatsApp, zile zinazokatwa mlango unapogongwa, chini yake pameandikwa "itaendelea kesho". Mtu aliyemaliza sehemu 60 za simulizi kwenye simu ya mama yake yenye kioo kilichopasuka ni msomaji. Tatizo ni kwamba simulizi nyingi za aina hiyo zimeandikiwa watu wazima. Mtafutie kitu bora zaidi, lakini usimnyang'anye simu na kumkabidhi kitabu cha maadili siku hiyohiyo, maana ataviona vyote viwili ni adhabu moja.

Mwambie akusimulie hiyo anayoifuatilia, nawe sikiliza anapopandisha sauti. Mwaka jana nililetewa binti wa kidato cha pili na bibi yake, anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nilidhani atanisimulia mapenzi. Mapenzi aliyapitia kwa sentensi mbili tu, halafu akatumia dakika kumi kunieleza hati ya nyumba ilifichwa wapi na kwa nini shangazi alikuwa anajua. Mikono yake ilikuwa inachora ramani ya hiyo nyumba hewani. Kwenye kaunta buku yangu niliandika mbele ya jina lake: siri, mali, ndugu. Maneno hayo matatu yalinisaidia kuliko umri wake na darasa lake.

Hatua ya 2: Pima lugha kwa vidole

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote ni ya Kiingereza. Ndiyo maana wazazi wengi wanataka riwaya ya Kiingereza "imsaidie shuleni". Nawaelewa, na riwaya inasaidia kweli, lakini pale tu anapoweza kuisoma bila kusimama kila mstari.

Kipimo ni rahisi. Fungua katikati ya kitabu, asome ukurasa mmoja kimyakimya, na kwa kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho kisubiri. Hakuna haja ya kumfariji wala kumshawishi. Mpe kingine.

Kwa Kiingereza, anza na riwaya zilizoandikiwa vijana wa hapahapa. Kulikuwa na Tuzo ya Burt, iliyoanza Tanzania mwaka 2008 kwa ushirikiano na Mradi wa Vitabu vya Watoto, mahususi kwa hadithi za vijana zilizoandikwa kwa Kiingereza. Vitabu vilivyoshinda vilichapishwa na kupelekwa shuleni na kwenye maktaba, kwa hiyo muulize mwalimu wa maktaba kabla hujaenda kununua. Sentensi zake hazichoshi, na watu waliomo wanakula ugali na kupanda daladala.

Na usidhani Kiswahili ni rahisi kwa sababu ni Kiswahili. Binti aliyekulia Magu kwenye Kisukuma, ukimpa riwaya iliyojaa misamiati ya mwambao, atakunja vidole vya mikono yote miwili. Kipimo ni kilekile.

Hatua ya 3: Pa kutafuta

Maduka ya vifaa vya shule mjini yatakupa vitabu vya kiada, mitihani iliyopita na zile riwaya zinazotahiniwa. Hizo za mtihani ziache kwa sasa. Atazisoma atake asitake.

Anzia Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Nenda na binti mwenyewe, muulize mhudumu rafu ya hadithi za Kiswahili iko wapi, halafu mwache binti apite peke yake huku wewe umekaa na gazeti. Vitabu vilivyochapwa miaka ya 1970 na 1980, ambavyo madukani huvioni tena, mimi nimevipata huko.

Vitabu vya mitumba vinavyopangwa kwenye turubai kando ya barabara ni vya bei nafuu, ila vichunguze. Niliwahi kununua riwaya nzuri sana kwa muuzaji mmoja mjini, nikampa binti, akairudisha siku ya tatu machozi yakimlengalenga. Kutoka ukurasa wa 96 kitabu kiliruka hadi wa 113. Vitabu vingi huchapwa kwa mafungu ya kurasa 16, na fungu zima lilikuwa limesahaulika wakati wa kushona. Tangu siku hiyo, kabla sijalipa, napitisha kidole gumba kwenye pembe ya chini na kusoma namba zote. Angalia pia kama ni kopi ya mtaani: wino umefifia upande mmoja, mistari ya mwisho imekatwa, gundi inaachia ukifungua tu. Usinunue. Licha ya kumwibia mwandishi, kitaachia kurasa kabla ya sura ya tano.

Njia ya tatu ni kuagiza Dar es Salaam. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E & D Vision wana hadithi za vijana. Unapiga simu, unauliza kipi kipo, unalipa kwa simu, mzigo unapanda basi na wewe unaupokea stendi ya Nyegezi. Ungeni wazazi watatu au wanne, nauli ya mzigo mgawane.

Hatua ya 4: Soma wewe kwanza

Hapa ndipo watu wengi wanaparuka, nami nawaomba msiparuke. Kama huna muda wa kitabu kizima, soma kurasa tatu za mwanzo, kumi za katikati na ishirini za mwisho. Jalada lenye msichana anayetabasamu na begi la shule halikuambii chochote.

Katika zile kurasa kumi za katikati, hesabu mambo ambayo msichana wa kwenye hadithi anayaamua mwenyewe, kisha hesabu anayofanyiwa. Tumewajazia mabinti zetu hadithi za aina moja: msichana anadanganywa, anapata mimba au ugonjwa, anafukuzwa, anajuta. Mambo hayo yapo na yanauma, na kuna waandishi walioyaandika vizuri sana. Lakini binti aliyesoma vitabu vitano mfululizo ambamo kila msichana ni ajali inayosubiri kutokea, anafunga cha sita kabla hakijaanza. Naye ana haki ya msichana anayefumbua fumbo, anayepotea kisiwani na kurudi, anayechekesha, anayekosea na kesho yake anaendelea kuishi.

Kurasa za mwisho nazo zitazame: nani anaadhibiwa, na kwa kosa gani? Msichana akiadhibiwa kwa kupenda tu, huku mwanamume aliyemdanganya akitoweka bila hata kutajwa tena, mimi kitabu hicho nakirudisha kabatini.

Nitoe mifano ya vitabu ninavyoviazimisha, na ninavyomlenga mtu.

Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, shujaa wake ni mvulana, lakini safari yake kutoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba inawashika mabinti wa miaka 14 na 15 kuliko riwaya nyingi zenye msichana jaladani. Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert si riwaya, lakini nauweka rafu moja na riwaya. Msichana aliyekuwa akiuza vyungu Zanzibar anafika Bombay kurekodi nyimbo mwaka 1928. Ni kitabu chembamba, na wembamba wake unawapa moyo wale wanaoogopa vitabu vinene.

Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999, ninaitoa kuanzia miaka 16. Yasmin anaozwa kwa mzee, naye hakai kulia tu. Anaondoka.

Swali ninaloulizwa zaidi ni Rosa Mistika, kwa sababu ni ya kwetu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na riwaya hiyo ya 1971 inaanzia hukohuko kisiwani kabla ya Rosa kuja kusoma Mwanza. Shuleni iliwahi kupigwa marufuku. Mimi siifichi, lakini simpi binti aliye chini ya miaka 17, na simpi akaisome peke yake. Baba wa Rosa ni mkali wa kuvunja, na mwisho wake Rosa anajiua. Namwambia hivyo binti kabla hajaichukua, waziwazi, halafu tunapanga siku ya kuizungumzia. Kuna waliorudi wakasema, "Mwalimu, baba yangu yuko humu." Mazungumzo hayo yanahitaji mtu mzima mwenye saa nzima na mlango uliofungwa. Kama siku hizo huna saa hiyo, subiri mpaka uipate.

Na wale wa Ukerewe wanaonitajia Aniceti Kitereza: ndiyo, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ni hazina. Aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, na ikachapishwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 30 baadaye. Lakini ni ndefu mno kumkabidhi binti wa miaka 13. Msomee wewe kwa sauti, sura moja usiku.

Hatua ya 5: Mpe vitatu, ondoka

Usimpe kimoja. Weka vitatu mezani: kimoja unachoamini atakipenda, kimoja cha mbali kabisa na ulichotarajia, kimoja chembamba. Usihubiri. Ukisema "hiki kitakufundisha", umekiua.

Mpe ruhusa ya kuacha. Kwangu sheria ni kurasa 40: ukifika hapo hujanaswa, rudisha, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Wazazi wanaogopa sheria hii wakidhani itazaa uvivu. Ninachokiona kwenye kaunta buku ni kwamba anayeruhusiwa kuacha anajaribu vitabu vingi zaidi, na anachokimaliza anakimaliza kweli.

Hatua ya 6: Mtafutie muda, si kitabu tu

Nimeona vitabu vizuri vikishindwa kwa sababu ya ndoo na masufuria. Kaka akikaa na simu barazani, anapumzika. Binti akikaa na kitabu, anaitwa mara tatu ndani ya robo saa: chota maji, mwangalie mdogo wako, vyombo. Yule bibi wa Mwaloni nilimwambia, "Mama, mpe nusu saa baada ya chakula cha jioni, na asiitwe hata kama ugali umemwagika." Alicheka, kisha akauliza kama kweli ni muhimu hivyo. Nikamjibu kwamba bila nusu saa hiyo asinirudie tena kuazima. Akakubali. Umeme ukikatika, taa ndogo ya sola inatosha.

Hatua ya 7: Akimaliza, uliza swali moja

Shuleni tunawazoesha fani na maudhui: taja dhamira tano, jadili matumizi ya tamathali. Nafundisha hayo mwenyewe na nayaheshimu, lakini yabaki darasani. Nyumbani usiulize amejifunza nini. Uliza, "Nani alikukera zaidi?" Huwa wanajibu haraka, na jibu ndilo linalokupa kitabu kinachofuata.

Mjukuu wa muuza dagaa alimaliza Siku Njema kwa siku tano. Nilipomuuliza, hakumtaja yeyote kati ya wabaya wa hadithi. Alisema, "Watu wazima, mwalimu. Wanajua jambo halafu wanakaa nalo." Nikafuta neno "mali" kwenye mstari wake, nikaacha siri na ndugu, nikaenda kabati la pili.