Somo: Kukiandaa kiwanda kwa ajili ya cheti cha SA8000

SA8000 ni kiwango cha haki za wafanyakazi kilichotolewa mwaka 1997 na shirika la Social Accountability International la New York, kikitegemea mikataba ya Shirika la Kazi Duniani. Cheti chenyewe hutolewa na kampuni ya ukaguzi iliyoidhinishwa. Hapa nafuata toleo la 2014, na mfano wangu ni kiwanda cha nguo cha Tanzania.

Hatua ya 1. Weka kiwango na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 mezani pamoja, kisha kwa kila jambo fuata kile kinachomfaa zaidi mfanyakazi. Wengi hukosea hapa kwa kudhani kuwa kimoja kinakifuta kingine. Kiwango kinaruhusu saa 48 za kawaida kwa wiki, ilhali sheria yetu inaishia 45, kwa hiyo shika 45. Kwenye ovataimu mambo yanageuka: sheria inaruhusu saa 50 katika majuma manne, lakini kiwango hakivuki saa 12 kwa wiki, tena za hiari, kwa hiyo shika 12. Umri wa chini wa kuajiriwa nao ni miaka 15, ingawa sheria inamruhusu wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi.

Hatua ya 2. Undeni timu ya pamoja ya menejimenti na wafanyakazi. Penye chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, kama TUICO, nafasi za wafanyakazi ni za chama kikizitaka. Pasipo na chama, wafanyakazi wachaguane wenyewe. Mwakilishi aliyeteuliwa na meneja, mkaguzi humtambua kwa swali moja tu: “Ulipata kura ngapi?”

Hatua ya 3. Timu ijikague kabla ya kuita mgeni. Chukueni kadi za saa za mwezi wenye oda nyingi, mzilinganishe na hati za mshahara za watu walewale, kisha mpite kila mlango wa dharura. Katika kiwanda kimoja nilikuta mlango umeandikwa “KUTOKEA” kwa rangi nyekundu, umepigwa kufuli, na ufunguo umo mfukoni mwa msimamizi aliyekuwa likizo.

Hatua ya 4. Iteni wakaguzi. Watasoma kumbukumbu na kuwahoji wafanyakazi faraghani, msiwafundishe majibu.

Maswali

Swali: Mkufunzi, vibarua wetu huletwa na wakala, naye hubaki na vitambulisho vyao vya NIDA hadi mkataba uishe. Kosa ni letu au lake?

Jibu: Ni lenu nyote, ndugu yangu. Kiwango kinamkataza mwajiri, na pia anayemletea watu, kuzuia hati halisi au kudai amana. Virudisheni leo, mbaki na nakala.

Swali: Cheti kinadumu miaka mitatu. Tukikipata tunaweza kupumzika?

Jibu: Hapana, kwa sababu katikati kuna ukaguzi wa ufuatiliaji, na mwingine ni wa kushtukiza. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha Ali Enterprises huko Karachi kiliungua na kuua watu zaidi ya 250, wiki chache tu baada ya kupewa cheti hikihiki. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo hatua ya 3 irudieni kila mwezi, zamu ya usiku ikiwa kazini.