Kubadilisha frasila na pishi kuwa kilo

Frasila ni uzito, kwa hiyo hesabu yake nyepesi: ratili 35, kila ratili gramu 453.6. Zidisha frasila kwa 15.88, frasila 4 za karafuu kavu ni kilo 63.5.

Pishi ndiyo inayotia watu hasara. Ni kipimo cha ujazo, vibaba vinne, na pishi ya mchele hailingani mizanini na pishi ya karafuu mbichi. Pima chombo kitupu, jaza bila kushindilia, futa juu kwa kijiti kilichonyooka, pima tena, kisha toa uzito wa chombo. Rudia mara tatu, chukua wastani. Usichanganye mfuto (pishi iliyofutwa juu) na kilele (iliyorundikwa kupita ukingo), kwani kilele hutegemea mkono wa mpimaji. Karafuu zikishakauka, pima pishi upya.