Mizani ikigoma, mwachie karani wako

Msimu wa korosho unapoanza mwezi Oktoba hapa Mtwara, meneja wa ghala hupigiwa simu kila mara: mizani imegoma, magunia yamekwisha, malori yamepanga foleni hadi barabarani. Ukikimbilia kila tatizo mwenyewe, wasaidizi wako watazoea kukusubiri. Chagua tatizo moja lisiloweza kuharibu mzigo wote, umkabidhi karani mmoja pamoja na mamlaka yake, yaani kiasi cha fedha anachoruhusiwa kutumia, fundi anayeweza kumwita na saa ya kukuletea taarifa, kisha ujizuie kabisa kumpigia kabla ya saa hiyo, maana hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Suala la ubora libaki kwako kwanza, mpaka utakapomwona akipasua korosho za sampuli na kuzipanga madaraja bila kusitasita.