Sungura na simbilisi, kila mmoja na banda lake

Wafugaji wenzangu, msiweke simbilisi banda moja na sungura, hata mkiona wanalala pamoja. Teke moja la sungura linaweza kumvunja simbilisi mbavu. Tena sungura anaweza kubeba bakteria wa Bordetella bila kuumwa, lakini simbilisi akiambukizwa hupata homa ya mapafu, na wengi hufa. Chakula nacho hakifanani: sungura hujitengenezea vitamini C mwilini, simbilisi hawezi kabisa, kwa hiyo mpe hoho au majani mabichi kila siku. Upweke unamtesa, mtafutie simbilisi mwenzake. Akizaa, madume watenge wakifikisha wiki 3, maana majike hushika mimba wakiwa bado wachanga sana.