Sindano ya insulini isikuume, isikumalize mfuko

Wenzangu wa sukari, leo ni mambo ya sindano tu, dozi muachieni daktari. Mimi mwaka mzima nilikuwa najidunga nimefumba macho, kumbe natumia sindano ya milimita 12.7, niliuziwa kwenye chemisti moja hapa Lamu nami sikuuliza kitu.

Basi soma boksi kwanza. Milimita ni urefu, na ile namba yenye G ni unene, hapo ndio watu hukorogeka manake G ikipanda sindano yazidi kuwa nyembamba, 32G ni nyembamba kuliko 29G. Ya peni, ile kalamu ya kudungia insulini, chukua milimita 4. Usikubali kuambiwa ati wewe mnene wataka ndefu, ngozi ni kama milimita 2 hivi awe mtu mnene awe mwembamba, na insulini yatakiwa ikae kwenye mafuta chini ya ngozi, ikifika kwenye msuli yaenda mbio na sukari yaweza kushuka ghafla.

Sasa pesa. Nadunga mara mbili kwa siku, hizo ni sindano 60 kwa mwezi, boksi la 100 lanishika siku 50. Zamani nilikuwa nanunua tano tano, siku nilipopiga hesabu nilijiona mjinga kweli. Gawanya bei ya boksi kwa 100 halafu linganisha na ya moja moja. Boksi likikulemea changa na mwenzako mgawane zikiwa bado zimefungwa, na mtu akivuka Mokowe kwenda Malindi mtume akuulizie bei ya huko. Lakini kushea sindano hata na mumeo, hapana, wala peni hata ukibadilisha sindano, damu yaweza kurudi ndani.

Peni ikikushinda bei, kichupa cha insulini na bomba la sindano si aibu. Bomba liwe limeandikwa U-100 (yaani yuniti 100 kwa mililita, yuniti ndio kipimo cha insulini) sawa na kichupa chako, ukikosea ukatumia la U-40, ukivuta mpaka kwenye 10 umejipa yuniti 25, hiyo yaweza kukulaza. Wa dozi ndogo atafute bomba la yuniti 30, mistari yake imeachana, hata bibi wa macho mabovu aiona. Sindano za bomba ni ndefu kidogo kwa hivo finya ngozi.

Kurudia sindano je? Ni ya mara moja tu, lakini siwadanganyi, mwezi mgumu nami nshafanya. Ile sindano imepakwa silikoni iteleze, ukishaidunga yatoka na ncha yajipinda, ndio maana mara ya pili yauma, na kuipangusa spiriti ndio waimaliza kabisa. Ubaya zaidi ni vinundu. Ukidunga pale pale na sindano chakavu mafuta yaota uvimbe, nao hauumi kwa hivo watu wapapenda hapo hapo, insulini haiingii vizuri, waongezewa dozi, basi ulichookoa kwa sindano wakilipa kwa insulini. Jipapase tumbo. Ukipata kinundu pahame, lakini mwambie daktari kwanza, manake mahali pazima insulini yashika zaidi na dozi huenda ikapunguzwa.

Kila siku sogea upana wa kidole, kitovu kiache mbali. Insulini ya friji itoe kama nusu saa kabla, ya baridi yachoma. Spiriti ikauke, dunga wima bila kusitasita, ya peni bonyeza hesabu mpaka 10 ndio uchomoe, usisugue. Halafu toa sindano kwenye peni, hasa joto hili la kaskazi, ukiiacha hewa yaingia na insulini yadondoka, pesa hiyo.

Zilizotumika tia kwenye chupa ngumu ya jiki, ikikaribia kujaa funga upeleke hospitali. Usitupe jaani, watoto wa mtaa wapita hapo pekupeku.