Namna ya kupima mtaa kwa miguu ya mtoto

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani huku Jang'ombe, mjini Zanzibar. Ikianza masika, kabla sijafungua daftari la mahudhurio nishajua nani hatofika: ni wale wale wa bondeni. Kutoka kwetu hadi Mazizini, kwa wenye uwezo, ni mwendo mfupi wa daladala, ila mvua ni hiyo hiyo na watoto wa kule wanakwenda skuli. Ukitaka kuujua mtaa wako, fanya hivi. Hakuna fedha inayohitajika.

Anza kwa wazazi, kisha nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia yenu. Ukionekana unazunguka na karatasi bila ya taarifa, watu watasema siasa, na uchaguzi ukikaribia ndiyo usiseme.

Chukua watoto wachache, wake kwa waume. Asikosekane anayetumwa maji, wala mdogo ambaye bado anashikwa mkono. Skuli nyengine za serikali zina mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, basi tembeeni saa ile wanayotembea wao, hata kama ni jua la utosi.

Mtoto atangulie, wewe fuata. Usimuulize mtaa una shida gani, atakujibu maneno ya baba yake. Muulize: maji yakijaa unapita wapi? Mpira mnachezea wapi, na nani huwafukuza? Binti mmoja alinipeleka kwenye ubao uliolazwa juu ya mtaro, nyuma ya nyumba. Akavua ndara, akazishika mkono mmoja, dumu la maji mkono wa pili, maana ubao una utelezi na ndara haishiki. Alivuka upesi, kama mtu aliyezoea. Sisi wakubwa tunazungukia barabarani, na ubao ule hatuna habari nao.

Mkirudi, wachore njia zao nyuma ya kalenda kuukuu: buluu pa maji, nyekundu pa hatari, kijani pa kuchezea. Kwetu kijani ilikuwa haba.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka: nenda mtaa wa wenye uwezo, kwa jamaa au rafiki, uulize maswali yale yale. Bila ya ramani ya pili utaambiwa mji mzima ndivyo ulivyo. Kule nilipewa ramani fupi: geti, gari, skuli. Maji hutoka kwenye tangi la nyumbani. Nao pia, kwa maoni yangu, wana upweke wao.

Ukiambiwa watoto wana bustani ya Forodhani na kiwanja cha kuchezea cha Kariakoo, hapa hapa mjini, usikubali haraka. Ni pazuri, lakini kwa wengi ni pa sikukuu, na mtoto hakai Idi hadi Idi ndiyo acheze.

Mtoto akikudokeza kuwa kuna mtu anamdhuru, hilo haliandikwi kwenye ramani wala halizungumzwi barazani. Piga 116, simu ya kuwasaidia watoto, ni bure, au mfikishe kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, wanakohudumiwa waliodhalilishwa.

Katika yote mliyoyaona, ombeni jambo moja. Sisi tuliomba mfuniko wa mtaro pale penye ubao. Orodha ndefu huishia kwenye mtoto wa meza. Barua iwe na nakala mbili, ambatisha ramani zote mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa shehia kabla barua haijapelekwa Baraza la Manispaa. Peleka Januari au Februari. Machi ikishaingia, fundi hashuki mtaroni.