Mnataka kuandika historia ya kambi yenu ya muziki? Anzieni kwenye makaratasi

Kila kambi ya kiangazi ya wanamuziki wa ridhaa ina mtu anayesema "mi nipo tangu mwanzo", na huo mwanzo wake kila mwaka unasogea nyuma kidogo. Kwa hiyo usianze na yeye. Tafuta kwanza programu za konsati, orodha za washiriki, risiti, na zaidi ya yote nota zenyewe, manake wapigaji huwa wanaandika kwa penseli pembeni, tarehe, jina la kondakta, "hapa usikimbie", yaani nota chakavu za fidla ya pili zinaweza kukuambia mengi kuliko hotuba zote za ufunguzi.

Mwaka wa kuanza ndo unagombanisha watu. Utenganishe: wazo lilikuja lini, kambi ya kwanza ilifanyika wapi, jina la sasa lilianza lini. Angalia kambi ya Dartington kule Uingereza, ilianza 1948 lakini ilianzia sehemu nyingine, shule ya Bryanston, Dartington kwenyewe walihamia 1953, sasa anayetaja 1948 na anayetaja 1953 wote wako sawa, inategemea unahesabu watu au majengo.

Ukishakuwa na makaratasi ndo uwafuate wazee. Ukiuliza "ilikuwaje?" utajibiwa "ilikuwa nzuri sana" na imeisha hiyo. Mpe picha mkononi, muulize huyu ni nani na mbona ameshika klarineti ya mwenzake. Waulize na wapishi, na waliobeba piano. Halafu usiruke swali la makundi: nani alipangwa kupiga na nani. Kwa watu wa ridhaa hapo ndo moto unapowaka, kila mtu anajiona yuko juu kidogo ya kundi alilowekwa, kuna walioondoka kwa sababu hiyo tu wakasema ni kazi zimewabana, na kuna waliopangwa kwa bahati mbaya kwenye kwateti moja (kundi la wapigaji wanne) wakaendelea kupiga pamoja mpaka leo. Waliokasirika nao watafute, wanakumbuka vizuri kuliko waliofurahi (sijui kwa nini lakini ndo hivyo).

Kaseti za zamani, vunja kwanza vile vipande vidogo vya plastiki pale juu ili mtu asirekodi juu yake, kisha iingize kwenye kompyuta mara ya kwanza tu unapoipiga, usiwe unairudisha nyuma kila saa kuwasikilizisha marafiki. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, siyo bolpeni, wino unapenya. Na kabla hujarusha sauti au picha ya mtu mtandaoni, muombe ruhusa.

Rasimu ikikamilika ichape yenye nafasi pana pembeni, iache kwenye meza ya chai kambi inayofuata wiki nzima. Penseli weka nyingi, ufutio usiweke.